Sista Dorosela na Benchi la Ndugu

Tarehe 31 Desemba 2005 Sista Dorosela Nyagawa anastaafu rasmi utumishi katika Hospitali ya Misheni ya Lihanzu, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Zipo na siku kadhaa juu yake, ambazo yeye anazijua na mimi sizijui. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema Katibu wa Hospitali mbele ya kikao, mimi Odilo Haule ndiye daktari niliyeua wagonjwa wengi kuliko wote chini ya uangalizi wa Sista. Kikao kizima kilicheka. Ni kweli kabisa, na kabla ndugu wasomaji hawajakimbilia polisi, naomba mnivumilie nieleze.

Sista Dorosela alizaliwa Mdandu mwaka 1945, mtoto wa tatu katika nyumba ya mzee wa kanisa. Usista wake ni wa uuguzi, si wa utawa: alisomea kazi hiyo katika chuo cha misheni, akaripoti kwetu Septemba 1971 akiwa na sanduku la bati na barua ya mchungaji. Alianzia wodi ya wanawake. Mwaka 1978 akahamishiwa chumba cha upasuaji, na mwaka 1988 akawa Sista Mkuu wa chumba hicho. Tangu hapo funguo zote za vifaa zimening'inia kiunoni mwake, na sisi madaktari tumezoea kunyamaza tunaposikia mlio wake kwenye korido.

Wazee wa hospitali wanaikumbuka miaka ile ya uhaba, glovu zilipokuwa zinafuliwa, zinapakwa poda na kuvaliwa tena. Sista alizianika kwenye kamba nyuma ya jengo, na mgeni mmoja akauliza kwa heshima kama hospitali inafuga bata. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya Makambako yakajaa kila kitu, kuanzia redio hadi glovu za boksi, Sista ndiye aliyekuwa wa mwisho kuamini. Mpaka mwaka 1994 alikuwa ameficha dazeni moja ya glovu za kufua kabatini, eti wakubwa wakibadili mawazo asikutwe mikono mitupu.

Sasa niseme habari ya miguu, maana bila miguu hamtaelewa kompyuta ilikuja kufanya nini.

Malori yalivyozidi Makambako, na sisi tulizidi kupokea watu wenye kisukari na wavutaji sigara wakubwa ambao mishipa ya damu ya miguuni imeziba. Mguu ukikosa damu unaanza kuuma, kisha unapata kidonda kisichopona, kisha unakuwa mweusi. Sisi tulikuwa na dawa moja tu, msumeno. Mwaka 2001 peke yake tulikata miguu ishirini na mitatu. Sista ndiye aliyekuwa anaushika mguu wakati wa kukatwa, na aliwahi kuniambia kwamba ule uzito unaobaki mikononi hajauzoea hata siku moja.

Njia nyingine ilikuwepo duniani. Daktari anatoboa tundu dogo kinenani, anapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa hadi pale palipoziba, anafuatisha kiputo kidogo, anakipuliza, mshipa unapanuka na damu inapita. Mgonjwa yuko macho, mnaongea naye habari za viazi. Lakini mkono wa kazi ile lazima ufundishwe, na haufai kufundishiwa ndani ya baba wa mtu. Marafiki wa kanisa kutoka Ulaya wakaahidi kutuletea kompyuta ya kujifunzia, na baada yake mashine ya eksirei inayoonyesha picha zikitembea. Daktari bingwa mgeni aliyekuwa anakuja mara mbili kwa mwaka akaweka sharti: hakuna kumgusa mtu mpaka daktari awafikishe wagonjwa ishirini wa kompyuta mfululizo wakiwa hai.

Kompyuta ilifika Juni 2002, baridi ikiwa imetukalia shingoni. Aliyeileta kutoka Dar es Salaam ni Bwana Seleman, mwenye lori wa Makambako, mtu wa maneno mengi na sigara nyingi. Alishuka akichechemea kidogo, tukadhani ni uchovu wa safari. Aliuliza ndani ya yale makasha mna nini, tukamwambia mna mgonjwa. Akasema amewahi kubeba vitu vingi lakini mgonjwa wa kwenye boksi ni wa kwanza.

Na kweli alikuwa mgonjwa. Ilikuwa meza yenye kiwiliwili cha plastiki, tundu kinenani, na skrini mbili. Ukisukuma waya ndani ya tundu, kwenye skrini unauona unatambaa katika mishipa kama ilivyo kwenye eksirei, na ukigonga ukuta wa mshipa vidole vyako vinasikia kizuizi. Mapigo ya moyo yanalia pembeni. Ukikosea, ukautoboa mshipa, wingu jeusi linasambaa, mapigo yanakwenda mbio, yanalegea, yananyamaza. Kisha yanatokea maandishi kwamba mgonjwa wako amefariki, na chini yake kitufe cha kuanza upya.

Sista hakuhusika na mafunzo yale. Kazi yake ilikuwa kutunza funguo na kuzuia vumbi, na kwa ajili hiyo aliishonea ile mashine vazi la kitenge lenye mifuko miwili. Mpaka leo hatujui ile mifuko ni ya nini.

Siku ya tatu alikuwepo anapangusa skrini ya pili nilipomtoboa mgonjwa wangu wa kumi na moja. Mapigo yakanyamaza. Nikacheka, nikabonyeza kitufe, mgonjwa akafufuka. Sista akauliza kumetokea nini. Nikamwambia amekufa lakini si kitu, ameshaanza upya. Akauliza ndugu zake wameambiwa na nani. Nikasema, Sista jamani, hii ni kompyuta, haina ndugu. Akakunja kitambaa chake taratibu, akatoka. Baada ya dakika tano akachungulia mlangoni na kusema, "Daktari, ndugu wa marehemu wapo barazani."

Nilidhani ni utani. Nikatoka na glovu zangu, nikamkuta amevuta benchi la mbao kutoka chumba cha kufulia, ameketi juu yake, kitenge begani, mkoba mapajani, magoti pamoja. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mama aliyekuja na basi la asubuhi na amekaa pale tangu saa mbili bila kuambiwa neno. Nikasimama mbele yake nikasema kwa bahati mbaya mgonjwa hakuweza kuvumilia matibabu. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema nimemsimamia kama askari wa barabarani, nirudi ndani nije tena.

Nilirudi mara nne. Ndipo ukazaliwa utaratibu ambao kila daktari wa Lihanzu anaujua kuliko sala ya chakula. Unavua glovu. Unaketi, tena kwenye benchi lilelile, si kwenye kiti chako. Unataja jina. Unasema neno lenyewe, kwamba amefariki. Huzungushi maneno mpaka mtu adhani amehamishiwa wodi nyingine. Halafu huondoki mpaka ndugu wamemaliza kuuliza, na wakinyamaza unanyamaza nao.

Maswali yake, loh! Aliuliza kama marehemu aliita mtu. Aliuliza kama alikuwa na njaa, maana walikatazwa kumlisha. Na kila mara, bila kukosa, alimalizia na swali moja: "Ulikuwepo wewe mwenyewe?" Swali hilo liliniudhi. Si ananiona nimetoka humo ndani? Lakini ilibidi nijibu.

Tulilalamika sana. Dokta Letisia, mwenzangu katika mafunzo, alisema amesomea tiba, hakusomea maigizo. Mimi nilisema zile hatua ishirini kutoka mashine hadi barazani zinanichosha, Sista akanijibu kwamba sisi watu wa Mawengi tunapanda milima na gunia la mahindi kichwani, itakuwaje baraza lenye sakafu ya saruji linishinde. Ila jambo moja tuliliona sote. Mikono ilipunguza haraka. Ukikumbuka kwamba ukitoboa lazima uende kwenye benchi, waya unausukuma kwa adabu. Waliokuwa wanakufa sita kwa siku wakawa wawili, kisha mmoja.

Nakuja kwenye kosa. Sista alilibeba peke yake, ila lilikuwa la sote.

Alikuwa anawapa wagonjwa wa kompyuta majina, kwa sababu alisema mtu asiye na jina hana ndugu wa kumlilia. Majina aliyatunga asubuhi akiwa anafungua kabati. Jumatano moja ya Oktoba 2002 akanipa Lukas Mgaya, mkulima wa Mdandu, baba wa watoto sita. Alidhani ametunga. Mdandu, jamani! Kule kina Mgaya ni kama viazi. Hukosi kumpata Lukas kati yao.

Nilimuua Lukas kabla ya saa tano. Nikaenda kwenye benchi, na haki ya Mungu sikuwahi kuifanya kazi ile vizuri kama siku ile. Niliketi. Nilimtaja kwa jina na kijiji. Nilisema amefariki. Sista alijifunika uso kwa kitenge, na kwa kuwa alikuwa na mafua, machozi yalimtoka kwelikweli. Upande wa pili wa baraza walikuwa wameketi akina mama wanaosubiri wagonjwa wao, na mmoja wao alitoka Mdandu. Kwa adabu hakuuliza chochote. Alikuja, akampa Sista mkono wa pole, na Sista, akiwa bado ni ndugu wa marehemu, akaipokea ile pole. Mama yule akawahi basi la mchana.

Lukas Mgaya wa kweli alikuwa ameondoka siku nane kabla kwenda Manda, ziwani, kununua dagaa. Mdandu nzima hakukuwa na simu. Hapakuwa na mtu wa kusema yu hai.

Kesho yake saa nne likaingia getini lori limebeba watu kama thelathini, kwaya ya usharika, magunia ya unga na maharage, kuni, na jeneza. Walikuja kuchukua mwili wao. Nasi hatukuwa na mwili. Mtu anaweza kudhani ukiwaambia wafiwa kwamba ndugu yao hajafa watafurahi. Hapana. Waliamini tumeupoteza. Kaka mkubwa, Mzee Efraimu Mgaya, alituambia kwa upole kabisa kwamba hata kama umeharibika wao ni watu wazima, tuwape tu. Mganga Mfawidhi wetu, Dokta Elius, akaona njia nzuri ni kumwonyesha mzee ile mashine. Akamwashia. Mzee akaitazama ile mishipa ya damu ikipigapiga kwenye skrini, akavua kofia, akauliza, "Kwa hiyo huyu ndiye yeye?"

Hapo wanawake walianza kulia upya.

Sista Dorosela hakukimbia. Aliketi kwenye benchi lake, akamwomba Mzee Efraimu aketi karibu yake, akawasalimu wote kwa "Kamwene" kama mtoto wa nyumbani, kisha akataja jina na kusema neno lenyewe. Alisema Lukas Mgaya hakuletwa hapa na hakufia hapa. Alisema yeye ndiye aliyempa mgonjwa wa mashine jina la mtu, na yeye ndiye aliyepokea pole isiyo yake. Wakamuuliza Lukas yuko wapi basi. Akasema hajui. Wakamuuliza hivyohivyo kwa namna ishirini, naye akajibu mara ishirini, na hakunyanyuka. Kwa kuwa hakuna aliyejua cha kufanya, wakapika. Kwaya ikaimba. Sista alikaa nao mpaka jioni, na asubuhi iliyofuata walimkuta hapohapo.

Siku ya pili Lukas aliteremka kwenye basi getini na magunia mawili ya dagaa. Alikuwa na hasira. Stendi ya Njombe mtu mmoja anayemfahamu alikuwa amemkimbia, na mwingine akamwambia msiba wake uko Lihanzu, kwa hiyo amekuja kulalamika. Yaliyofuata siwezi kuyaandika vizuri, maana na mimi nilikuwa nalia. Jeneza alikwenda nalo nyumbani. Anahifadhia mbegu za mahindi, na anasema panya hawathubutu kulisogelea.

Kicheko kiliishia hapo, kwa sababu habari za Lukas kufufuka hazikusafiri haraka kama zile za kufa kwake. Kote Makambako ikasemwa kwamba Lihanzu kuna chumba cha kompyuta kinachoua watu. Familia tatu zikawaondoa wagonjwa wao wa miguu wodini. Tulikuwa tunajifunza kuokoa miguu ya watu ambao hawatakubali tena kulala kwenye meza yetu, na nilijua wanaporudi nyumbani na vidonda vile kitakachofuata ni nini. Nilikosa raha kwa wiki nzima.

Dokta Elius aliitisha kikao na kupiga marufuku benchi. Sista aliomba kusema. Alikiri kosa lake bila kulipamba, akasema yuko tayari kwa onyo la maandishi, akalipata, na lipo kwenye faili lake mpaka leo, ndilo pekee. Kisha akaomba benchi libaki kwa sharti moja: pasitajwe tena jina la mtu yeyote wa nje. Wagonjwa wa kompyuta wapewe majina ya madaktari wenyewe. Dokta Letisia ndiye aliyecheka wa kwanza, na Dokta Elius akashindwa kukataa.

Ndugu zangu, nyie mmewahi kutangaza kifo chenu? Mara ya kwanza nilikaa nikasema Odilo Haule amefariki. Na Sista, bila huruma, akauliza, "Ulikuwepo wewe mwenyewe?" Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Nilijitangaza mara sita hivi. Machi 2003 nikafikisha wagonjwa ishirini mfululizo wakiwa hai, na daktari bingwa akatia sahihi. Eksirei mpya ikafungwa. Tukasubiri mgonjwa. Aprili, Mei, Juni, Julai, hakuna aliyekubali.

Agosti akaja Bwana Seleman, yuleyule wa lori. Safari hii hakuchechemea, alibebwa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa cheusi. Alikuja na mkewe Bi. Salha na mdogo wake Mansoor. Nilimweleza njia mbili zilizokuwepo. Akaniuliza kama ile ndiyo mashine aliyoibeba yeye. Nikasema ndiyo. Akauliza nimeshaua wangapi mle. Miezi mingi ya benchi ilikuwa imeniondolea uwezo wa kuzungusha maneno. Nikasema arobaini na mmoja, na sita kati yao walikuwa mimi. Bwana Seleman akacheka mpaka akakohoa. "Angalau wewe unahesabu," akasema. Akaweka sahihi.

Natamani niandike kwamba mguu wake ulipona.

Waya ulishuka vizuri mpaka gotini. Daktari bingwa alikuwa amesimama bega langu la kulia, Sista bega la kushoto. Chini ya goti mshipa ulikuwa umekakamaa. Kiputo kilifika, nikapuliza, damu ikapita kidogo, sote tukashusha pumzi. Halafu kitu kikamenyuka ndani na kuziba mbele zaidi. Tulijaribu kwa saa mbili. Bwana Seleman alikuwa anatusimulia habari za mlima wa Kitonga, akakatiza, akasema mguu umekuwa wa baridi. Nikajikuta dole gumba langu la kulia linapapasa pembeni ya meza. Lilikuwa linatafuta kile kitufe.

Daktari bingwa alinishika mkono, akasema kwa upole kwamba si lazima niende mimi, muuguzi anaweza kuwaambia ndugu. Nilivua glovu. Nikatembea zile hatua ishirini. Sista alikuja nyuma yangu, lakini alisimama mlangoni, kwa kuwa benchi lake siku ile lilikuwa na watu wenye haki nalo.

Niliketi kati ya Bi. Salha na Mansoor. Nikataja jina la Bwana Seleman. Nikasema, "Nimeshindwa. Yeye yu hai, lakini mguu wake haupati damu, na itabidi ukatwe." Mansoor aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akarudi. Bi. Salha alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Aliuliza kama mumewe anajua. Nikasema anajua, nimemwambia kabla sijatoka. Akanyamaza, nami nikanyamaza naye. Kisha akageuka akaniuliza, kwa maneno yaleyale, "Ulikuwepo wewe mwenyewe?"

Nikasema nilikuwepo. Nikasema mkono ulioshika waya ulikuwa wangu. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaweka kikombe chini, akasema, "Haya. Twende tukamwone."

Nilipoinuka niliangalia mlangoni. Sista Dorosela alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, na safari hii hakuwa na mafua.

Tuliukata mguu kesho yake. Niliomba niushike mimi, Sista akakubali. Wale waliosema chumba kinaua walikuwa sasa na ushahidi wao, nami nilishaandika rasimu ya barua ya kuomba uhamisho. Ipo mpaka leo bila kutumwa, kwa sababu Januari 2004 gari dogo liliingia getini, akashuka Bwana Seleman na magongo yake, Bi. Salha nyuma, na kati yao kaka yake Bi. Salha, Bwana Issa, anaburuta mguu. Nilidhani wamekosea mlango. Nikamuuliza Bi. Salha kwa nini wamemleta kwangu, tena kwangu mimi. Akaniambia wamepita sehemu mbili, kote wameambiwa wasiwe na wasiwasi, na hakuna aliyekaa chini kuwaambia ukweli. "Wewe," akasema, "ukishindwa utatuambia."

Mguu wa Bwana Issa ulifunguka ndani ya dakika arobaini. Sasa ana duka la vipuri Makambako na anasimama kutwa. Tangu siku ile mpaka ninapoandika, tumefungua miguu thelathini na mmoja na tumeshindwa mitano. Wagonjwa wetu wengi wametoka Makambako, wakielekezwa na mtu mmoja mwenye mguu mmoja ambaye bado anasema sana. Ndugu za wale watano waliambiwa kwenye benchi, na daktari aliyeshika waya.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Sista kuhakiki tarehe za wasifu huu, na ndipo nilipouliza jambo ambalo ningepaswa kuuliza zamani: lile swali alilitoa wapi. Aliendelea kumenya njegere zake. Akasema mumewe, Mwalimu Clemens, alifariki mwaka 1983 katika hospitali moja kubwa, mbali na hapa, akifanyiwa upasuaji. Yeye aliketi nje tangu asubuhi. Aliyemwambia ni mlinzi wa getini, saa kumi, baada ya kumwona bado amekaa. Aliwauliza wote waliopita na makoti meupe, na kila mmoja alisema yeye hakuwepo. Aliniambia hakutaka fidia wala kesi. Alitaka tu kumjua mtu mmoja aliyekuwa karibu na Clemens saa ile, amuulize kama aliita mtu. Mpaka leo hajampata.

Akanipa bakuli nimsaidie kumenya, na hatukulisema tena.

Sista anakwenda Mdandu, kwenye shamba lake la viazi na miti yake ya parachichi, jirani kabisa na Lukas Mgaya, ambaye amemwahidi dagaa na kumwomba asitaje jina lake popote. Uongozi ulitaka kumzawadia lile benchi lipakwe vanishi aondoke nalo. Amekataa; amesema benchi ni la ndugu. Vazi la kitenge la kompyuta nalo ameliacha, na mifuko yake.

Kwa hiyo, Sista, leo hapa barazani tumevua glovu na tumeketi kama ulivyotufundisha. Jina lako ni Dorosela Nyagawa, wa Mdandu. Neno lenyewe ni kwamba unastaafu, funguo zimekabidhiwa, na kuanzia Jumatatu tutabaki bila wewe, na inatuuma. Asante kwa miaka yote. Mungu akupe afya, mvua za kutosha na majirani walio hai. Hatuondoki, uliza chochote unachotaka. Na lile swali lako la mwisho usijisumbue kuliuliza, Sista. Tulikuwepo wenyewe.